Usitumie Kompaila Nyingine

Nekesa alikabidhiwa programu ya kiwanda ikiwa ndani ya katoni ya sabuni. Disketi kumi na moja zilizofungwa kwa raba, na juu yake karatasi iliyopigwa taipu na kukunjwa mara nne. Ilikuwa mwezi wa tatu mwaka 1998, mvua ya El Nino imekataa kwisha, na Tulivu Blankets, kiwanda cha mablanketi pale Thika, kilikuwa kimemwajiri kwa kazi moja tu: kuhakikisha kwamba mwaka wa elfu mbili ukiingia, kompyuta ya kiwanda haitadhani imerudi mwaka 1900.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Programu ile ilipanga zamu. Iliwajua wafanyakazi wote wa ukumbi wa mashine, ikazijua mashine zote, na kila alasiri ilichapisha orodha ya kesho: fulani mashine namba hii, fulani namba ile, ikiwazungusha ili asiwepo mtu wa kuonea wala wa kuonewa. Tena iliunganishwa kwa waya na saa ya kadi iliyokuwa karibu na lango. Mfanyakazi akipitisha kadi yake, saa na dakika aliyoingia huandikwa kwenye faili.

Karatasi ilisema hivi: “Disketi tatu za kwanza zina kompaila. Unda programu hii kwa kompaila hiyo. Usinunue mpya. Usitumie kompaila nyingine. Abdulnasir, Novemba 1990.”

Nekesa aliipenda karatasi ile. Programu huandikwa kwa maneno ambayo mtu anaweza kuyasoma, na kompaila ndiyo inayoyageuza maneno hayo kuwa kitu ambacho kompyuta inaweza kukitenda. Lakini kompaila zina matoleo, na maandishi yaleyale yakipitishwa kwenye toleo jingine yanaweza kuzaa programu yenye tabia nyingine. Alipokuwa kazini Nairobi, jambo hilo lilishawahi kumtoa machozi. Kwa hivyo alipoona kwamba mtu alifikiria kuiweka kompaila pamoja na kazi yake, kama mama anayempa mwanawe anayesafiri unga pamoja na sufuria ya kuupikia, alimheshimu bila kumjua.

Akafanya kama alivyoagizwa. Alirekebisha sehemu zote zenye tarehe, akayapitisha maandishi kwenye kompaila ya Abdulnasir, nayo ikayakubali bila neno. Alasiri printa ikaanza kukwaruza. Nekesa akayahesabu majina, maana ni mtu aliyejua kwamba kompyuta hudanganya kwa uso mkavu. Majina yalikuwa arobaini na manne. Kwenye faili la wafanyakazi yalikuwa arobaini na matatu.

Aliyezidi aliitwa Tausi. Mashine namba tisa, Tausi. Nekesa akachapisha orodha za siku sita mbele ili ajaribu. Wengine wote walihamishwa kila siku kutoka mashine moja hadi nyingine. Tausi alibaki palepale, namba tisa, Jumatatu hadi Jumamosi.

Alimwendea Gathoni, msimamizi wa ukumbi, mama wa miaka hamsini na kitu aliyeanza kazi pale akiwa msichana na ambaye ndiye aliyesoma orodha kwa sauti kila asubuhi. Gathoni aliitazama karatasi, akasema iko sawa, imekuwa hivyo tangu zamani. Nekesa akaomba aonyeshwe huyo Tausi, amuulize kwa nini hayumo kwenye faili.

“Huyo hahitaji kuonyeshwa,” Gathoni alisema, na akarudi kwenye kazi yake.

Nekesa akaenda mwenyewe. Namba tisa ilikuwa mwisho kabisa wa ukumbi, mashine ya kuchana matambara: sweta kuukuu na vipande vya nguo viliingia upande mmoja, vikapita katikati ya magogo mawili ya chuma yenye meno, vikatoka upande wa pili vikiwa nyuzi tena, tayari kusokotwa na kuwa blanketi. Ilikuwa imefunikwa kwa turubai na haikuwa inafanya kazi. Hapakuwa na mtu. Mashine nyingine zote zilikuwa zimezungukwa na manyoya ya nyuzi yaliyofika kwenye vifundo vya miguu, ila chini ya namba tisa sakafu ilikuwa imefagiliwa, na fagio limeegemezwa ukutani. Alipouliza ni nani anayefagia, wanawake wa mashine ya nane waliangaliana, mmoja akasema labda ni zamu ya usafi. Usafi ulifanywa Jumamosi. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

Alirudi ofisini akaiamuru kompyuta ilitafute neno Tausi katika maandishi yote ya programu. Halikuwepo. Akalitafuta kwenye faili la wafanyakazi, halikuwepo. Akazipitia disketi zote kumi na moja, moja baada ya nyingine, halikuwepo. Mwishowe akaifuta namba tisa kwenye orodha ya mashine, akaiunda programu upya, akachapisha. Kwa mujibu wa maandishi aliyokuwa akiyatazama kwa macho yake, kiwanda sasa hakikuwa na mashine inayoitwa namba tisa. Printa ikakwaruza. Mashine namba tisa, Tausi.

Hapo ndipo alipofungua faili la saa ya kadi, akidhani atapata mwanzo wa kosa. Asubuhi ile, kati ya kadi zilizoingia, kulikuwa na kadi 117, saa 06:52. Jana yake kadi 117 iliingia 06:49. Jumamosi, 06:55. Jumapili hakuna kitu. Kadi zilizotolewa kwa wafanyakazi zilikuwa na namba zake, na hapakuwa na 117. Nekesa alirudi nyuma wiki hadi wiki. Alifika siku moja ya Januari ambayo mvua ilikata barabara na nusu ya wafanyakazi wakachelewa. Siku hiyo kadi 117 nayo ilichelewa. Iliingia saa 07:34.

Ilikuwa mchana, jua limetoka kidogo, watu wanaongea nje ya dirisha. Hata hivyo Nekesa aliinuka, akakigeuza kiti chake ili mgongo wake uelekee ukuta.

Siku tatu alilitafuta kosa lile asilione. Asubuhi alikuwa akifika kazini na kulifungua faili kabla hajavua koti, na kadi 117 ilikuwa imeshafika kabla yake. Aliwaza kumuuliza askari wa lango kama ameona mtu, kisha akaogopa jibu.

Ijumaa alikata shauri. Meneja, Bwana Munyao, mtu wa Machakos aliyehamia pale mwaka uliotangulia, alikuwa amenunua kompyuta mpya pamoja na kompaila mpya, bado imo kwenye boksi lake. Nekesa akaifungua. Alijiambia kwamba karatasi ya Abdulnasir ilikuwa na karibu miaka minane, na kwamba kompaila za siku hizi ni bora. Akairudisha namba tisa kwenye orodha ya mashine, kama ilivyokuwa, akayapitisha maandishi yote kwenye kompaila mpya. Hakukuwa na kosa hata moja. Akachapisha, akahesabu. Majina arobaini na matatu.

Tausi alikuwa ameondoka. Nekesa aliuinamisha uso wake mezani akacheka peke yake kwa sababu ya nafuu. Aliona, ndiyo, kwamba kwenye namba tisa sasa palikuwa na jina la mtu mwingine: Benta, mama mmoja kutoka Siaya aliyeajiriwa Januari. Aliona, na hakuwaza lolote. Jumatatu aliikabidhi programu mpya, Munyao akampa mkono.

Jumanne saa moja na nusu asubuhi Gathoni aliingia ofisini bila kubisha, orodha mkononi.

“Ni wewe umetoa hilo jina?”

Nekesa alieleza kwamba lilikuwa kosa la programu, na kwamba amelirekebisha.

“Hiyo mashine haipewangi mtu,” Gathoni alisema. “Miaka nane sasa. Nasoma jina la Tausi kila asubuhi, na nikilisoma hao wengine wote wanapona. Si ungeniuliza?”

“Nilikuuliza, mama.”

Gathoni akaketi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika ofisi ile, na akasimulia kwa sauti ya chini. Tausi alikuwa mfanyakazi wa pale, msichana wa Kiislamu kutoka Ngoliba, mcheshi, mtu wa kufika mapema. Mwaka 1990 namba tisa ilimkamata, na hakupona. Wenye kiwanda walisema alisahau kuizima. Mashine ikasafishwa, ikapakwa rangi, ikarudishwa kazini. Lakini orodha haikumpangia mtu mwingine tena. Kila siku ilisema Tausi. Meneja wa wakati ule aliita watu wa kompyuta kutoka Nairobi mara mbili, wakashindwa, na baada ya mara ya pili akasema mashine ifunikwe. Walioyajua mambo yale walifunga midomo, maana jina lile lilikuwa kama kufuli.

“Nani anafagia pale?” Nekesa aliuliza.

“Mimi sijawahi kuuliza,” Gathoni alisema.

Waliandamana hadi kwa Munyao. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka. Watu wa mafuriko walihitaji mablanketi, mashine nzima imelala chini ya turubai kwa sababu ambazo hakuna aliyethubutu kumweleza, na leo mara ya kwanza imepata mtu. Fundi alikuwa anaitia mafuta. Itaanza saa nne. Alisikiliza habari ya Tausi kwa heshima, akasema ajali ya zamani ni ya kusikitisha, lakini mashine imekaguliwa.

“Nipe sababu ambayo ninaweza kuiandika kwenye karatasi,” alimwambia Nekesa. “Ukiileta, naizima saa hiyohiyo.”

Nekesa hakuwa nayo. Alichokuwa nacho ni jina lisilotoka popote. Gathoni akamvuta kando akamwambia kwamba Abdulnasir yuko hai, yuko Ruiru, anatengeneza redio nyuma ya stesheni ya treni. Yeye ndiye ajuaye. Pikapu ya kiwanda ilikuwa inatoka na mzigo wa Nairobi. Nekesa akapanda. Nyuma yake alimwacha Gathoni akielekea ukumbini kumwambia Benta afanye kazi polepole, asiisogelee mashine sana.

Saa nne kasoro dakika kumi alikuwa amesimama mlangoni mwa kibanda cha mabati kilichojaa redio zilizopasuliwa matumbo. Abdulnasir alikuwa mtu wa miaka arobaini na mitano hivi, mwembamba, kofia ya kufuma kichwani, chuma cha kulehemu mkononi. Nekesa akabisha hodi, akakaribishwa kiti na chai ya chupa. Badala ya kujieleza aliitoa ile karatasi ya taipu akaiweka juu ya meza.

Abdulnasir aliikunjua akaisoma.

“Umetumia nyingine,” alisema.

“Nimetumia nyingine.”

Akakiweka chini chuma cha kulehemu, na polepole akaanza kueleza.

Programu ile ilikuwa kazi yake ya kwanza kubwa, na aliiringia. Ilizungusha zamu bila kujali mtu. Katikati ya mwaka 1990 Tausi alimjia akamwomba asimpangie namba tisa, kwa sababu mashine ile ilikuwa na tabia: ukiizima, wakati mwingine hujiwasha yenyewe. Alikuwa amewaambia mafundi, wakamcheka. Abdulnasir naye alimjibu kwamba kompyuta haina upendeleo. Wiki mbili baadaye alirudi tena, akapewa jibu lilelile. Mwezi uliofuata programu ikamfikisha namba tisa kwa zamu yake ya haki. Manyoya yalikwama kwenye meno, akaizima, akaingiza mkono ayatoe. Mashine ikajiwasha.

“Alisahau kuizima, walisema,” Abdulnasir alisema. “Mimi niliiona swichi yake. Ilikuwa imezimwa.”

Aliifuta namba tisa kwenye maandishi ya programu. Meneja akamwita mtu mwingine akairudisha. Aliifuta tena, ikarudishwa tena, naye akapewa barua ya onyo. Ndipo alipofahamu kwamba chochote atakachokiandika mahali panaposomeka, watakifuta. Lakini kompaila haiishii kugeuza maandishi tu. Kila programu inayoiunda huitilia vipande vyake yenyewe vilivyo tayari, vya kupanga orodha, vya kuchapisha, na hakuna mtu anayevisoma vipande hivyo. Abdulnasir alikifungua kipande cha kuchapisha, akalitia humo jina la Tausi lichapishwe namba tisa kila siku, na aliyepangiwa pale ahamishiwe kwingine, kila herufi akiisogeza hatua moja mbele ili asiyejua asiweze kulitafuta na kulipata. Kisha akawaambia wakubwa kwamba kompaila ni lazima iwe ileile daima, ihifadhiwe pamoja na programu, la sivyo hesabu za zamu zitavurugika. Ilikuwa kweli pia. Hakuna mjuzi angebisha. Wakakubali.

“Sikuweza kumtoa pale,” alisema. “Basi nikampa mashine iwe yake, asipangiwe mwingine.”

Alipomaliza alifungua droo akatoa kadi ya plastiki iliyofifia rangi, akaiweka juu ya meza katikati ya vikombe viwili vya chai. Ilikuwa na picha ya msichana anayejizuia kucheka, na namba 117. Siku ya mazishi, Ngoliba, mama yake Tausi alimpa airudishe kiwandani. Alishindwa kuirudisha. Aliacha kazi mwisho wa mwaka ule, akaondoka nayo.

Nekesa aliitazama kadi.

“Na zile saa za kuingia,” aliuliza, “ulizipangaje? Dakika zinabadilika kila siku. Hata mvua ikinyesha anachelewa.”

“Saa gani, dada?”

“Za saa ya kadi. Kadi 117 inaingia kila asubuhi.”

Abdulnasir alimtazama, halafu akaitazama kadi iliyokuwa mbele yao. Akakiweka chini kikombe chake.

“Mimi niliweka jina tu,” alisema. “Saa ya kadi sikuigusa.”

Wote wawili waliikazia macho ile kadi kana kwamba inaweza kuinuka. Kule nje muuza magazeti alikuwa anapiga domo na fundi viatu. Kisha Abdulnasir, kama mtu anayeamka, akauliza mashine ingeanza saa ngapi. Nekesa akasema saa nne. Akatazama saa ya ukutani iliyokuwa juu ya redio: saa nne na dakika kumi na saba.

Sasa alikuwa na sababu ya kuandika kwenye karatasi. Mashine inajiwasha. Abdulnasir akamwonyesha simu kwenye duka la pili, naye Nekesa akakimbia. Laini ya kiwanda ilikuwa na mtu. Akapiga tena, ina mtu. Mara ya nne ikalia, ikapokelewa na askari wa lango, na sauti yake ilikuwa juu.

“Madam, hapa kuna ajali. Stima ya ukumbi imezima yote. Huyo mama mgeni mkono uliingia, lakini yuko hai. Wanampeleka hospitali.”

Nekesa alirudi Thika bila kujua alifikaje. Ukumbi ulikuwa kimya, mashine zote zimesimama, wanawake wamekaa chini ukutani. Gathoni ndiye aliyemweleza. Namba tisa ilifanya kazi robo saa bila matata. Manyoya yakakwama. Benta akabonyeza swichi, mashine ikasimama, Gathoni mwenyewe akiwa anaitazama kutoka mashine ya nne. Benta akaingiza mkono, na magogo yakaanza kuzunguka. Yaliikamata glavu, yakaivuta na vidole, na Gathoni alikuwa bado hajapiga hatua mbili wakati ukumbi wote ulipozimika kwa mshindo. Benta alipoteza kucha na ngozi ya vidole viwili. Sekunde moja zaidi, Gathoni alisema, na hakuimaliza sentensi.

Stima haikuwa imekatika. Ofisini taa ziliwaka, na saa ya kadi ilikuwa inafanya kazi. Kilichozima ukumbi ni swichi kuu, iliyokuwa ndani ya sanduku la chuma kando ya saa ya kadi, mpini wake mgumu kiasi kwamba fundi wa umeme huushusha kwa mikono miwili. Mlango wa sanduku ulikutwa wazi na mpini uko chini. Askari wa lango alikuwa amekaa hatua kumi kutoka pale, analiangalia sanduku moja kwa moja. Aliapa mbele ya Munyao kwamba hakuna aliyepita.

Alasiri, mambo yalipotulia, Nekesa alifungua faili la saa ya kadi. Programu iliyokuwa ikifanya kazi siku hiyo ni ile mpya, iliyoundwa kwa kompaila mpya, na haikuwa na chembe ya mkono wa Abdulnasir ndani yake. Asubuhi kadi 117 haikuingia. Mfanyakazi wa mwisho aliingia saa 07:20, halafu hakukuwa na mstari mwingine hadi katikati ya asubuhi.

Kadi 117. Saa 10:17.

Katika ile saa nne na dakika kumi na saba, kadi 117 ilikuwa Ruiru, juu ya meza, katikati ya vikombe viwili vya chai, na yeye alikuwa anaitazama.

Hakupiga kelele. Aliuchapisha ukurasa ule, akaupeleka kwa Munyao pamoja na karatasi nyingine aliyoiandika kwa mkono, yenye maneno ya Abdulnasir kuhusu mashine inayojiwasha. Munyao alizisoma zote mbili amesimama. Ile ya pili aliitia sahihi saa hiyohiyo, akatoa amri namba tisa ikatwe nyaya. Ile ya kwanza alimrudishia, ila tangu siku hiyo hakuwahi tena kumwomba mtu sababu ya kuandikwa.

Kesho yake Nekesa alikwenda hospitali na maziwa na machungwa. Benta alikuwa ameketi kitandani, mkono umefungwa bandeji kubwa, akimsimulia mgonjwa wa pili mambo ya watoto wake. Nekesa alimwambia ukweli, kwamba ni yeye aliyelitoa jina lililokuwa linaishikilia ile nafasi, na kwamba alifanya hivyo kwa sababu lilimtisha. Aliomba msamaha. Benta alisikiliza, akasema Mungu amemwachia mkono, basi yeye hana la kudai.

“Ila niambie,” alisema, “ni nani alishusha ile swichi? Nimeuliza kila mtu. Nataka nikamshukuru.”

Nekesa alimenya chungwa muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

“Ni mtu wa zamani wa kiwanda,” alijibu. “Nitamfikishia.”

Wiki ile aliirudisha kompaila ya Abdulnasir. Marekebisho ya tarehe yalikuwa tayari, yakapita humo vizuri, na Alhamisi orodha ilitoka na majina arobaini na manne. Ijumaa asubuhi Gathoni aliisoma kwa sauti mlangoni mwa ukumbi. Alipofika namba tisa alilisoma jina la Tausi. Asubuhi hiyohiyo faili lilionyesha kadi 117, saa 06:51.

Mwezi wa tano mafundi waliikata namba tisa vipande vipande kwa gesi, lori la vyuma chakavu likaja kuvichukua. Abdulnasir alikuja siku hiyo. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukanyaga pale tangu aondoke. Alisimama na Nekesa uani, mvua ya rasharasha ikiwanyeshea, wakayatazama magogo yenye meno yakipakiwa. Lori lilipotoka, alijifuta uso kwa kofia yake.

“Sasa unaweza kulitoa jina,” alisema. “Hakuna tena mashine ya kumkinga mtu nayo. Nitakuonyesha lilipo, ni kazi ya dakika tano.”

Nekesa alikuwa ameliwaza hilo siku nyingi. Alimwambia kwamba jina aliliweka yeye, na kulitoa ni haki yake. Lakini saa hakuna aliyeziweka, wala hakuna ajuaye zitafanya nini jina likitoka.

Abdulnasir akatikisa kichwa, akasema basi liachwe.

Nekesa alikaa Tulivu hadi mwisho wa 1999. Mwaka mpya uliingia na kompyuta ya kiwanda haikutetereka. Aliyempokea kazi alikuwa kijana hodari kutoka chuo kikuu, na Nekesa alimkalisha chini akamweleza yote kwa mdomo, hata yale yaliyomfanya kijana atabasamu. Katika miezi yake ya mwisho alizoea kufika mapema, saa moja kasoro dakika kumi, kabla lango halijajaa watu. Alipokuwa akipita kando ya saa ya kadi alikuwa akipunguza mwendo na kusema habari ya asubuhi, kwa sauti ya kawaida, kama mtu amsalimiavyo mwenzake wa kazi. Askari wa lango alimsikia kila siku. Hakuwahi kumuuliza anaongea na nani.